Sidii ya Pili Kwanza

Siku ile ndani ya chumba cha video tulikuwemo Mama Zulekha, mwenye chumba, juu ya kiti chake cha plastiki karibu na mlango, Karis wa mkokoteni, aliyesambaza maji mtaani kwa mitungi na ambaye hakuna filamu aliyowahi kuisifu, ndugu yangu Mutua, bado na sare ya shule, mdogo wetu Nduku, mapajani mwangu, na mimi. Waliobaki walikuwa watu wa mtaa ambao nilivijua visogo vyao kuliko nyuso zao, kwa sababu siku zote niliwaona kutoka nyuma, nikiwa nimesimama kando ya pazia. Mama yetu hakuwepo. Tulikuwa tumeshamzika. Lakini nikihesabu waliokuwemo, jina lake hutaka kuingia, na sijui nilizuie vipi.

Juzi mvua ilinikuta Kayole nikajikinga kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza mboga. Alikuwa ameandika bei ya sukuma kwenye ubao mweusi. Mvua ikaupiga ule ubao, maandishi yakaanza kuteremka, na harufu ya chaki iliyolowa ikachanganyika na harufu ya mafuta ya mandazi kutoka kibanda cha pili. Niliondoka kabla mvua haijakatika. Tangu nirudi nyumbani, hapa mtaa wa Tena, sijatulia. Naandika mstari, nasimama, naangalia kama maji yamerudi kwenye mfereji, nakaa, nasimama tena. Na si harufu peke yake. Wiki hiyo hiyo Nduku ameniandikia ujumbe, ananidai kitu nilichomwahidi siku ile ya video, na sijampa.

Kazi yangu siku hizi ni kuandika kuhusu filamu. Watu wakisikia niliishia darasa la saba huuliza nilijifunzia wapi, na mimi huwajibu ukweli: kwenye ubao wa Mama Zulekha. Kijana anayepokea makala zangu hunipigia simu karibu kila wiki. "Dada, makala ni tamu, lakini punguza mimi, mimi, mimi. Msomaji anataka kujua kama filamu ni nzuri." Namwambia sawa. Napunguza mimi moja, naongeza mbili mahali ambapo hatazitambua.

Baba alitutangulia, lori lilipopinduka kwenye barabara ya Mombasa. Mama naye akamfuata, kwa ugonjwa ambao watu wazima waliutaja kwa kushusha sauti. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, basi nikaacha shule. Hakuna aliyeniambia niache. Niliamka asubuhi moja nikamvalisha Mutua sweta langu la shule, kwa kuwa lilikuwa zima kuliko lake, na mambo yakawa yameamuliwa hivyo. Nduku alikuwa mdogo sana, bado ananyonya kidole. Tangu tuliporudi kutoka Ukambani kwenye mazishi, hakuwa amemtaja Mama hata mara moja. Alikuwa akikaa kwenye kizingiti, anaangalia njia, na ukimuuliza anangoja nani, anaingia ndani.

Mama Zulekha alikuwa jirani na rafiki wa Mama. Alizaliwa Majengo, akaolewa, akahamia Kayole na deki yake ya kuchezea sidii na televisheni yake, na mumewe alipofariki akafungua video kwenye chumba cha mabati nyuma ya ploti yetu. Wa rika langu mnavijua vyumba vile: mabenchi yasiyo na migongo, blanketi zito la kijivu limetundikwa mlangoni kuwa pazia, feni moja inayosukuma joto kutoka kona hii kwenda kona ile, na jasho la watu waliotoka kazini. Alinipa kazi ya kufagia, ya kunyunyizia sakafu maji ili vumbi litulie, na ya kuandika ubao wa nje, kwa kuwa yeye herufi alizozisoma vizuri ni zile za Kiarabu, za chuoni.

Ubao wa kwanza niliandika jina la filamu, na chini yake NGUMI MWANZO MWISHO, kama nilivyoona kwa wengine. Mama Zulekha akaniambia nimsomee. Nikamsomea.

"Hayo ni maneno ya kila kibanda," akasema. "Jana uliitazama?"

"Niliitazama nusu."

"Na hiyo nusu ilikufanya nini?"

Sikuwa najua kwamba filamu inaweza kumfanya mtu kitu. Nikafikiri. Nikasema ilinifanya nikasahau sufuria ya mahindi ya muthokoi jikoni, ikaungua, tukala chai.

"Basi andika hivyo."

"Kwenye ubao?"

"Kwani nimesema mgongoni mwangu? Andika, binti."

Nikaandika: JANA FILAMU HII ILINIUNGUZIA MUTHOKOI. NJOO UONE KAMA ILISTAHILI. Karis alisimamisha mkokoteni, akasoma, akacheka mpaka mtungi mmoja ukaanguka. Akaingia. Alipotoka akasema haikustahili, na kesho yake akaja kusoma nimeandika nini tena. Hivyo ndivyo nilivyoanza, na mpaka leo sijapata swali jingine la kuiuliza filamu. Imekufanya nini? Nikikosa jibu, siandiki.

Kile ambacho wateja hawakukijua ni kwamba sikuwahi kuona filamu nzima. Kila baada ya muda nilitoka mbio kwenda nyumbani kuangalia jiko na kumwangalia Nduku, nikirudi nakuta mtu ameshakufa au ameshaoa. Hadi leo siwezi kutazama filamu nikiwa nimekaa. Katika kumbi za mjini hukaa kiti cha pembeni kabisa, na baada ya robo saa nimesimama ukutani, wahudumu wananiuliza kama naumwa. Vipande nilivyokosa nilijijazia mwenyewe. Jioni nikiwasimulia wadogo zangu, Mutua alikuwa ananikamata.

"Hapo umetunga, Dada."

"Sijatunga."

"Umetunga. Umeangalia juu."

Sheria moja tu haikuhitaji kutungwa, na kila mtoto wa Eastlands aliijua: akta hafi. Akta ndiye yule mwenye filamu, na anaweza kupigwa risasi, kutupwa korongoni, kuzikwa, ukajua tu kwamba atarudi. Tuliiamini sheria hiyo kama watu wanavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Sasa ikaja filamu moja ambayo hakuna aliyejua lugha yake. Haikuwa na tafsiri, na jina lilikuwa limeandikwa kwa maandishi ambayo hata Mama Zulekha aliyageuza juu chini akashindwa. Zilikuwa sidii mbili, kama ilivyokuwa kawaida enzi zile, filamu moja imekatwa katikati. Alasiri Mama Zulekha alikwenda kuswali akaniachia deki. Sidii zote mbili zilikuwa na alama zilezile. Nikatia moja.

Mwanamume anaendesha lori kwenye mvua. Anafika darajani, maji yamejaa. Kwa sababu ya Baba, nilijua kitakachotokea kabla hakijatokea, na kilitokea. Akazikwa. Kisha watoto wakaondoka kaburini kwa kufuatana, na walikuwa watatu, wa mbele msichana. Nilitoka nje. Nilijiambia natazama jiko, lakini jiko sikulitazama, nilisimama nyuma ya ploti nikitazama kamba ya nguo.

Niliporudi sidii imekwisha, watu wachache waliokuwemo wanasinzia, Karis anauliza kama hapa ni video au matanga. Nikatia ile nyingine. Mlango wa nyumba ukafunguka kwenye televisheni, na yule mwanamume akatoka, ana tikiti maji kubwa kwapani, anapiga mluzi.

Nilishika pazia. Sikushangaa kwamba amefufuka, kwa sababu akta hafi. Nilichoshangaa ni jinsi alivyorudi bila makelele, kama mtu aliyetoka tu kununua kitu dukani. Watoto wakamkimbilia, na walikuwa wadogo kuliko walivyokuwa kaburini. Hilo nalo nililielewa upesi: furaha imewarudisha nyuma. Walizeeka kwa huzuni, sasa wamekuwa watoto tena. Niliona ni jambo la busara kabisa. Nilitazama sehemu ile bila kutoka, na nyumbani mboga ikaungua, na sikujali.

Asubuhi nilifuta ubao kwa kitambaa chenye maji na kuandika:

BABA ANAZIKWA. WATOTO WATATU WANABAKI PEKE YAO. HALAFU MLANGO UNAFUNGUKA. SISEMI ZAIDI. MBOGA YANGU ILIUNGUA, SIKUJALI.

Nilimsomea Mama Zulekha. Akaniambia niutundike juu zaidi, mpaka barabarani uonekane. Na mimi nikaenda nyumbani, nikapiga magoti mbele ya Nduku kwenye kizingiti, nikamwambia leo utakuja na mimi kazini. Kuna mtu amekufa halafu anarudi. Utamwona kwa macho yako.

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akatoa kidole mdomoni.

Alasiri ile chumba kilijaa. Walikuja hata wanawake, ambao kwa kawaida hawakuingia video, wamejifunga leso viunoni, wakasimama nyuma. Mutua alitoka shule akajipenyeza chini ya benchi. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile niliketi, kwa ajili ya kumpakata Nduku. Mama Zulekha siku hiyo alitia sidii mwenyewe, baada ya kuzijaribu zote mbili asubuhi na kuitia moja alama ya hina.

Filamu ikaanza. Mlango ukafunguka, mwanamume akatoka na tikiti kwapani, anapiga mluzi.

"Mama Zulekha," nikasema, "huo ni mwisho."

Akanigeukia. Alitazama televisheni, akanitazama mimi, akamtazama Nduku mapajani mwangu, na nikaona uso wake ukielewa kitu ambacho wangu ulikuwa bado haujakielewa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii ndiyo ya kwanza. Jana ulianza na ya pili."

Ndipo nikaelewa. Yule mwanamume hakurudi. Alipiga mluzi, akabeba tikiti, akapanda lori, akafa, filamu ikaisha. Watoto hawakurudi kuwa wadogo. Walikuwa wadogo, kisha wakakua, kwenye mazishi. Na Nduku alikuwa ameketi wima, shingo imenyooka, anangoja nilichomwahidi.

"Wee!" Karis alikuwa amesimama. "Mbona huyu ako hai? Ubao imesema anazikwa kwanza."

"Kaa chini, wewe, una kichwa kama mtungi!" mmoja wa wale wanawake akamfokea.

"Sikai. Nimeacha wateja wa maji huko nje juu ya hiyo mlango imeandikwa inafunguka. Sasa imefunguka kabla mtu afe! Siz, wewe si ndiye uliandika? Waambie."

Watu wakaanza kugonga mabenchi. Mmoja akasema wamedanganywa. Mwingine akapaza sauti: "Weka vile msichana ameandika!" Wakaidaka wote: "Vile ameandika! Vile ameandika!" Mutua naye, chini ya benchi, akipiga sakafu kwa kiatu.

Mama Zulekha alizima. Akaitoa sidii, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Lakini haiendi hivyo," nikamwambia. Nilikuwa karibu kulia. "Umesema mwenyewe. Haiendi hivyo."

"Hawa hawakuja kuona inavyokwenda," akasema. "Walikuja kuona ulichoandika." Akatia sidii ya pili.

Wenzangu, nimetazama filamu nyingi sana tangu siku hiyo, nyingine kwenye kumbi zenye zulia. Sijaona ukumbi kama ule. Lori lilipofika darajani hakuna aliyepumua. Wakati wa mazishi wanawake walikuwa wakisema pole, pole, kwa kunong'ona, kama vile wafiwa wangewasikia. Watoto watatu wakafuatana kuondoka kaburini na Nduku akanishika kidole gumba, akakibana. Kisha skrini ikawa buluu. Mama Zulekha akabadilisha sidii gizani, tukausikia mlio mdogo wa deki ikiimeza.

Mlango ukafunguka.

Sijui niwaelezeje. Chumba kililipuka. Watu walirusha kofia. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele kama yuko harusini. Tikiti maji lile, ambalo jana lilikuwa tikiti tu, lilishangiliwa kuliko bao. Karis alikuwa anajipangusa macho kwa mikono yote miwili na kumlaumu Mama Zulekha kwamba feni yake inamwaga vumbi. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mwanamume huyu amekufa. Walijua vizuri kuliko wangejua kama filamu ingekwenda sawasawa. Na ndiyo sababu kila kitu alichokifanya baada ya hapo, kukata tikiti, kumfunga mtoto kamba za viatu, kupiga chafya, walikitazama kama kitu cha thamani. Hicho ndicho ninachojaribu kukirudia kila ninapoandika, na yule kijana ananiambia nipunguze.

Kelele zilipotulia Nduku alinigeukia.

"Mama yetu ako sidii gani?"

Hakunong'ona. Alikuwa hajui kunong'ona bado. Kisogo cha Karis, mbele yetu, kikatulia tuli.

"Ya kwanza," nikasema.

"Tuiweke."

"Si leo."

"Lini?"

"Nitakuwekea, Nduku. Nitakuwekea."

Akaniamini. Akakilaza kichwa chake kifuani kwangu na kutazama yule mwanamume akila tikiti hadi sidii ilipoisha mahali ambapo hapakuwa mwisho, lori likiwa linawashwa tu, na watu wakatoka nje kwenye jua wakicheka na kupenga kamasi.

Baada ya hapo, kila filamu mpya ilipoletwa, alikuwa ananiuliza, "Ni ile?" Namwambia siyo. Alikuwa akizishika sidii kwa pembeni, kama nilivyomfundisha, anazitazama usoni, anajiona. Halafu siku moja hakuuliza. Nilishusha pumzi, nikadhani amesahau. Aliacha pia kukaa kwenye kizingiti. Simu zikaingia mitaani na filamu ndani yake, mabenchi yakapungua watu, Mama Zulekha akafunga chumba akahamia kwa binti yake Eastleigh. Mutua alimaliza shule, anaendesha gari la ofisi fulani. Nduku ameolewa, anakaa Tassia, na ana mimba kubwa.

Ujumbe wake ulisema hivi: "Dada, wamesema ni mwezi huu. Sitaki mtoto aje anikute sina cha kumwambia kuhusu nyanyake. Mimi nakumbuka udongo mwekundu tu. Wewe ndiye uliyeona. Ile sidii ya kwanza, bado?"

Basi ndiyo hali niliyo nayo. Nimeandika filamu za watu nisiowajua, nikawafanya wasomaji watoke majumbani mwao, na huyu mmoja sijaweza. Jana niliandika: Mama alikuwa mwanamke mwenye bidii na upendo mwingi. Nikayafuta. Hayo ni maneno ya kila kibanda. Nikajiuliza swali la Mama Zulekha, alinifanya nini, nikasimama, nikaenda dirishani. Chini walikuwa wanauza miwa.

Mama alikuwa anapiga msasa twiga wa mbao, wale wa kuuziwa watalii, wachongaji wakimletea kwa gunia. Halafu anawapaka rangi ya viatu, ya kahawia, na kuwasugua kwa soksi kuukuu. Akiniita nikisogea alinipangusia mikono kichwani kwa utani, nikaenda shuleni nywele zikinuka kama kiatu kipya. Hicho nina hakika nacho. Twiga mdogo kuliko wote alimfanya amng'ate Nduku sikio. Hicho pia. Alikuwa akiimba huku ana uzi katikati ya meno, kwa hivyo maneno sikuyasikia. Baada ya hapo naona vipande. Naona mkono bila bega. Kwa sababu hata yeye nilimtazama nusu nusu, nikitoka mbio kwenda shule, mferejini, dukani, sikujua kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa.

Filamu nilijijazia. Mama sitaki kumjazia. Nikimpigia Mutua simu kumuuliza, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema kwa sauti ya mtu mzima mwenye gari la watu, "Hapo umetunga, Dada," na ni kweli, nilikuwa nimeangalia juu.

Leo asubuhi nilinunua chaki. Niliona labda kalamu ndiyo inayonizuia. Nimeandika kwenye mlango wa kabati, kwa herufi kubwa: MLANGO UNAFUNGUKA. MAMA ANATOKA. Na hapo nimekwama, kwa sababu mtu akitoka mlangoni lazima awe na kitu mkononi, na sikumbuki alikuwa na nini. Nimesimama mbele ya kabati tangu saa nne. Vidole vimekauka kwa chaki. Simu imelia mara moja, ni ujumbe wa Nduku. Hakuandika maneno mengi.

"Bado?"

Nimemjibu: "Bado. Nimefika mlangoni."